Mvua ya Kericho, maji ya Ahero: kazi halisi ya msitu wa Mau

Hakuna hafla ya kupanda miti nchini Kenya inayoisha bila mtu kusema kwamba miti huvuta mvua. Chifu atasema, mwalimu mkuu atasema, na mgeni rasmi aliyetoka Nairobi atasema tena akiwa ameshika mche mkononi. Kauli hiyo ina ukweli, ila ni ukweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomgusa zaidi mkulima wa mpunga kule Ahero na mama anayeteka maji kwenye chemchemi ya Vihiga. Msitu una kazi kadhaa, na kila moja ina njia yake, kasi yake na mipaka yake. Tukizifunga zote ndani ya neno moja, mvua, tunaishia kupanda mti usiofaa mahali pasipofaa, halafu tunashangaa mto ukizidi kukonda.

Nitautumia Mau kueleza haya, kwa kuwa ndio msitu unaogusa watu wengi zaidi magharibi mwa nchi na katika Bonde la Ufa. Kati ya ile misitu mitano ya milimani tunayoiita minara ya maji, yaani Mau, Mlima Kenya, Aberdare, Mlima Elgon na Cherangani, Mau ndio mkubwa kuliko yote: takriban hekta 400,000, katika vipande 22. Maji yake hayaendi upande mmoja. Njoro, Makalia na Nderit hushuka Ziwa Nakuru. Molo huelekea Baringo. Mara hupita Maasai Mara na kuingia Serengeti, Ewaso Ng'iro Kusini huishia Ziwa Natron, na Sondu, Nyando na Yala huteremka hadi Ziwa Victoria. Mtu akikata miti Kuresoi au Londiani, anayesikia uchungu anaweza kuwa mbali kiasi kwamba hajawahi hata kuuona huo msitu.

Mvua yetu hutoka wapi

Tuanze na hilo la mvua, maana ndilo lenye maneno mengi.

Mvua ya magharibi mwa Kenya ina vyanzo vitatu vikubwa. Cha kwanza ni Bahari ya Hindi, ambako pepo za kusi na kaskazi huchota unyevu na kuusukuma bara. Cha pili ni Ziwa Victoria lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, upepo ukavuma kutoka majini kuelekea nchi kavu, ukapanda miinuko ya Nandi na Kericho, na huko juu ukakutana na upepo wa mashariki. Hewa ikilazimika kupanda, inapoa, mawingu yanajengeka, na saa tisa au kumi alasiri inanyesha, mara nyingi na mvua ya mawe. Mkulima wa chai wa Kericho au Nandi Hills anaijua hiyo vizuri, kwa sababu dakika chache za mawe zinaweza kumharibia majani ya wiki nzima. Usiku mambo hugeuka, radi zikahamia juu ya ziwa, na wavuvi ndio wanaozikabili.

Chanzo cha tatu husahaulika: hewa yenye unyevu inayotoka magharibi, upande wa Kongo. Ndiyo mojawapo ya sababu Kakamega na Kitale hupata mvua mwezi wa saba na wa nane, wakati ambapo Machakos ni vumbi tupu. Na unyevu wa Kongo sehemu yake kubwa umepitia majani ya miti. Mvua hunyesha msituni, mizizi huyanywa yale maji, majani huyarudisha hewani kama mvuke, upepo huubeba, nayo mvua hunyesha tena mbele. Kwa wastani wa dunia nzima, takriban asilimia 40 ya mvua inayonyesha nchi kavu inatokana na mvuke uliotoka nchi kavu yenyewe. Kwa hiyo msitu wa Kongo, ambao ni wa pili kwa ukubwa kati ya misitu ya mvua ya tropiki duniani, una mkono katika mvua ya mtu wa Bungoma, ingawa hakuna anayeuzungumzia kwenye hafla zetu.

Na Mau je? Hapa ndipo ninapotaka tuwe waangalifu. Utafiti wa picha za setilaiti katika nchi za tropiki umeonyesha kwamba msitu ukifyekwa, mvua hupungua, na upungufu huo huonekana wazi zaidi eneo lililofyekwa linapokuwa pana, hata kufikia kilomita 200 kila upande. Mau wote, ukiukusanya uwe mraba mmoja, haufiki kilomita 65 kila upande. Una mchango katika mvua ya karibu: huongeza unyevu hewani, husaidia ukungu na mawingu kushikana na milima, na vilele vya miti visivyo sawa husukuma hewa ipande. Lakini hauwezi peke yake kuamua kama mvua ndefu itafika mwezi wa tatu au itachelewa hadi wa nne. Hayo huamuliwa na joto la bahari maelfu ya kilomita kutoka hapa. Anayemwahidi mkulima kwamba akipanda miche mia moja mvua itarudi kama zamani, anampa ahadi ambayo miche ile haiwezi kuitimiza.

Kiyoyozi kisicholipiwa tokeni

Kazi ya pili haina ubishi mwingi, na nashangaa kwa nini haisemwi sana. Msitu hupoza.

Watu hudhani ni kivuli tu. Kivuli kipo, ila kinachofanya kazi kubwa ni ule mvuke. Kugeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke kunahitaji nishati ya karibu uniti 0.7 za stima, uniti zilezile tunazonunua kwa tokeni. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha mizizini unaweza kutoa lita 100 kwa siku. Hapo umemeza joto la jua linalolingana na uniti 70, na kuna nyumba nyingi mjini Nakuru ambazo hazimalizi uniti 70 kwa mwezi mzima. Fyeka mti huo, na lile joto halipotei. Linabaki kwenye udongo, kwenye mabati na kwenye hewa unayovuta.

Jambo hili ni la tropiki hasa. Kaskazini kabisa mwa dunia, ambako theluji hufunika nchi kwa miezi, msitu mweusi hufyonza jua ambalo theluji nyeupe ingelirudisha angani, na unaweza hata kuongeza joto mahali pale. Kwetu hakuna utata huo. Kwenye ikweta, msitu uliosimama ni ubaridi.

Ubaridi huo si wa starehe tu. Katika miinuko ya Kakamega, upande wa Iguhu, watafiti walifuatilia kwa miaka mbu wanaoeneza malaria, katika sehemu zilizobaki na msitu na sehemu zilizofyekwa. Nyumba za sehemu zilizofyekwa zilikuwa na joto zaidi ndani, tofauti ya digrii moja hivi, na digrii moja kwa mbu ni kitu kikubwa. Mbu jike akishanywa damu, anahitaji siku kadhaa za kuimeng'enya kabla ya kutaga mayai na kurudi kutafuta mtu mwingine. Joto likipanda, siku hizo hupungua. Anauma mara nyingi zaidi katika maisha yake, na anataga zaidi. Nje nako, vidimbwi vilivyokuwa gizani chini ya miti vinapigwa jua, na viluwiluwi wa Anopheles gambiae, mmoja wa mbu hao wa malaria, hupenda maji yenye jua, ambamo hukua haraka. Tena kijidudu cha malaria ndani ya mbu hakikui vizuri hewa ikiwa chini ya takriban digrii 18. Miinuko yetu ilikuwa na kinga hiyo ya baridi kwa vizazi vingi. Dunia inapozidi kupata joto kinga inapungua, na tunapofyeka msitu tunaongeza digrii nyingine juu ya ile iliyoletwa na moshi wa viwanda vya nchi za mbali.

Kuhusu huo moshi na hewa ya ukaa nitapita haraka. Miti huifyonza hewa hiyo na kuihifadhi katika mbao, mizizi na udongo. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Msitu ukichomwa, kaboni ile hurudi hewani. Ni hesabu muhimu kwa dunia, lakini Kenya hutoa chini ya asilimia 1 ya gesi zinazopasha dunia joto, na Mau hauwezi kufuta makosa ya nchi tajiri. Naona si haki kumwambia mtu wa Mariashoni, huko huko Mau, kwamba sababu ya kwanza ya kulinda msitu ni kuiokoa dunia, wakati kuna sababu zilizo karibu na sufuria yake.

Kazi kubwa iko chini ya majani

Sababu iliyo karibu na sufuria ni udongo. Hapa ndipo msitu unapomsaidia binadamu zaidi, nako ndiko tunakouangalia kidogo zaidi, kwa kuwa macho yetu hupenda kutazama juu.

Kuna jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Chukua mkebe wa kilo moja wa mafuta ya kupikia, ukate kitako chake ubaki wazi pande zote mbili. Ingia msituni, toa majani makavu ya juu, ugongee mkebe ardhini vidole viwili hivi, kisha umimine maji hadi karibu na ukingo, utazame saa. Maji yatazama mbele ya macho yako. Ukimimina tena, yatazama tena. Sasa toka nje ya msitu, uende kwenye malisho ambako ng'ombe wamekanyaga kwa miaka, ufanye vilevile. Utasubiri. Maji yatakaa mkebeni yakikutazama, na pengine yatapenya pembeni kabla ya kuzama chini. Watafiti wamefanya kazi hiihii kwa pete za chuma katika Mau Kusini-Magharibi, wakilinganisha msitu wa asili, malisho, mashamba na chai, na msitu wa asili ndio ulionywa maji kwa kasi kubwa kuliko vyote.

Siri yake ni ya miaka mingi. Majani huanguka na kuoza yakawa mboji. Mchwa, minyoo na siafu huchimba vijia. Mizizi hufa na kuacha mashimo membamba yanayoshuka mita kadhaa. Matone ya mvua nayo hayapigi ardhi moja kwa moja: hukutana kwanza na majani ya juu, kisha vichaka, kisha zulia la majani makavu, yakafika chini yamechoka. Udongo wa namna hiyo hupokea mvua kubwa ya alasiri na kuishusha chini, na huko chini maji husafiri polepole, wiki hata miezi, mpaka yatokee bondeni kama chemchemi. Mto unaouona ukitiririka mwezi wa kwanza, kabla ya mvua, unatembea na mvua ya mwaka uliopita.

Ndiyo maana nasema kazi kubwa ya Mau ni kupanga muda wa maji. Kiasi cha mvua kinaweza kubaki kilekile kwa mwaka, vipimo vya kituo cha hali ya hewa visionyeshe tofauti yoyote, na bado maisha ya watu wa chini yakabadilika kabisa. Maji yaliyokuwa yakija miezi kumi na miwili sasa yanakuja yote kwa miezi minne, halafu hayaji tena. Mto Njoro, ambao wazee wa Egerton na Njoro mjini wanaukumbuka ukitiririka mwaka mzima, siku hizi kuna sehemu zake unazoweza kuvuka kiangazi bila kulowesha viatu.

Sondu ni mfano mwingine. Kituo cha umeme cha Sondu-Miriu, chenye uwezo wa megawati 60, hakina bwawa kubwa la kuhifadhi maji. Kinategemea mto unaopita siku hiyo. Mto ukipungua, umeme unapungua. Kwa kituo cha aina hiyo, bwawa ni ule udongo wa Mau Kusini-Magharibi, na kila hekta inayokanyagwa ikawa ngumu ni kama kuta za bwawa zimeshushwa kidogo.

Mbali na muda kuna tope. Watafiti waliopima vijito vya sehemu hiyohiyo walikuta kwamba kijito kinachotoka kwenye mashamba madogo hubeba tope mara kadhaa zaidi ya kile kinachotoka msituni. Tope hilo ni udongo wa juu, ule wenye rutuba, mali ya mkulima wa Kuresoi, na safari yake haimfaidi mtu. Hujaza mifereji ya mpunga Ahero, huinua kitako cha mto Nyando mpaka maji yakose pa kupita, na linalobaki huishia katika Ghuba ya Winam, ambako rutuba iliyosombwa hulisha gugu-maji linalowafungia wavuvi njia.

Msitu una kikomo chake

Wakati wa mafuriko utasikia kwamba nyanda za Kano, kule Ahero, zinazama kwa sababu Mau umefyekwa. Ni kweli kwa sehemu. Mvua za kawaida, zile za kila mwaka, msitu huzipunguza makali. Lakini ikinyesha kwa wiki nyingi mfululizo, udongo hujaa hata ndani ya msitu mnene kabisa, na tone linalofuata halina pa kwenda isipokuwa mtoni. Mwaka 1961 mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Wakati huo Mau ulikuwa na miti mingi kuliko sasa. Isitoshe, karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na hiyo haina uhusiano na kijito chochote.

Ziwa Nakuru linafundisha jambo hilohilo. Katika miaka ya 1990 lilikaribia kukauka, flamingo wakahama, na lawama ikaenda Mau. Kuanzia mwishoni mwa 2010 likaanza kupanda, likameza lango kuu la hifadhi na kuvamia makazi ya watu, na lawama ikaenda Mau tena. Wataalamu wa serikali walioandika ripoti ya mwaka 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa walitaja mvua iliyozidi, matumizi mabaya ya ardhi juu ya maziwa, na mambo ya miamba ya chini. Msitu uliofyekwa hufanya ukame uwe mkali zaidi na mafuriko yawe makali zaidi, ndiyo maana unatajwa kwenye yote mawili bila kujipinga. Lakini mtu wa Ahero au Budalang'i anahitaji pia kingo imara, mitaro, tahadhari ya mapema na nyumba iliyojengwa pa juu. Kumwambia asubiri miti ikue ni kumwacha majini.

Mti upi, wapi

Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilisema kwamba miti imefunika asilimia 12.13 ya Kenya, na misitu asilimia 8.83. Watu husoma namba ya kwanza na kushangilia. Mimi naangalia pengo lililo kati yao, yaani miti isiyo msitu. Serikali imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, tukapewa hata sikukuu ya kupanda miti tarehe 13 Novemba 2023, na nafurahi kuona watoto wa shule wakishika majembe. Swali langu kila mara ni moja: mti gani, na utasimama wapi?

Chukua mkaratusi, ambao wengi wetu tunauita bulugamu. Vihiga na Kakamega kila boma lina safu yake, kwa sababu nzuri kabisa. Unakua haraka, hauliwi na ng'ombe, nguzo zake hununuliwa, na karo ya shule ikikaribia unakata miwili mitatu. Ukiwa mlimani, mbali na maji, sina neno nao. Lakini mti huu unakua haraka kwa kuwa unakunywa haraka. Ukiuweka juu ya chemchemi au kwenye kingo za kijito, utakunywa yaleyale maji uliyotaka kuyalinda. Serikali iliagiza mwaka 2009 kwamba mikaratusi iliyo kando ya mito ing'olewe, na ukitembea leo vijijini utaona agizo hilo lilivyopuuzwa. Mahali pale panafaa miti ya kwao: msiala, mwiri, mkuyu, au mianzi kule juu baridini.

Vilevile, shamba la misaiprasi ya umri mmoja, iliyopangwa mistari kama darasa, si msitu kwa maana tuliyoieleza. Chini yake mara nyingi ni giza na ardhi tupu, hakuna vichaka, na siku ya kuvunwa hukatwa yote kwa mpigo. Tunaihitaji, bila misaiprasi ya Elburgon na Londiani tungekata mitarakwa yote iliyobaki ili tupate mbao. Pia utaratibu wa kuwaruhusu wakulima kulima viazi na maharagwe kati ya miche michanga hadi miti ifunge kivuli umewalisha watu wengi wa Molo na Njoro. Unapovurugika ni pale miche inapokatwa mizizi makusudi ili kivuli kisifunge na shamba la viazi liendelee. Lakini tusihesabu hekta ya misaiprasi sawasawa na hekta ya msitu wa asili, hasa tunapozungumza kuhusu maji.

Msitu wa asili uliobaki ndio hauna mbadala. Kakamega, kipande cha mwisho nchini cha ule msitu wa mvua uliowahi kuungana na Kongo, hauwezi kutengenezwa upya kwa miche ya kitaluni. Ukiwepo, hata ukiwa umechakaa, ukizungushiwa ulinzi na mifugo ikazuiwa kwa miaka, hujiponya wenyewe kwa mbegu zinazoletwa na ndege na nyani. Kulinda hekta moja ya aina hiyo ni bei nafuu kuliko kupanda kumi mpya, ingawa haina picha nzuri ya gazetini.

Nani ameukata, nani anaulinda

Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau kwenye orodha ya misitu kwa mkupuo mmoja. Kufikia 2009, jopokazi la serikali lilipouchunguza Mau, karibu robo ya msitu, zaidi ya hekta 100,000, ilikuwa imepotea. Jembe la maskini lilifyeka, ni kweli, lakini hati miliki zilitoka ofisini, na wengine waliozipata walikuwa na magari makubwa kuliko majembe.

Ilipofika wakati wa kuondoa watu, walioangukiwa zaidi ni wanyonge, wakiwemo Waogiek, ambao wameishi Mau kwa kurina asali na kuwinda tangu kabla ya mipaka ya wilaya. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao, na kwamba uhifadhi haukutosha kuwa sababu ya kuwafukuza. Juni 2022 ikaamuru fidia. Novemba 2023 nyumba zikabomolewa tena huko Sasimwani. Nalitaja hili katika makala ya mvua na udongo kwa sababu Mwogiek mwenye mizinga juu ya miti mikubwa ana faida ya moja kwa moja miti hiyo ikisimama. Nyuki wake wanahitaji maua ya mwaka mzima, yaani msitu wenye miti ya kila aina. Mlinzi wa mshahara anaweza kuhongwa na kufumba macho gogo la mtarakwa likipita usiku. Mwenye mzinga juu ya mti huo hafumbi.

Faida za namna hiyo ndizo zinazowasaidia watu kuhimili miaka mibaya. Mahindi yakishindwa, anayeishi karibu na msitu bado ana asali, uyoga, dawa, kuni na majani ya kulishia mbuzi. Mashambani nako, mbali na msitu wowote, miti hufanya kazi ile kwa kipimo kidogo. Kaliandra iliyopandwa kwenye kingo za matuta hulisha ng'ombe wa maziwa kiangazi nyasi zinapokauka. Sesbania huacha naitrojeni kwenye udongo uliochoka wa Siaya na Busia. Parachichi na grivelea kando ya boma huvunja upepo na kupoza ua.

Karibu na Kisumu na Bungoma, wakulima wadogo waliojiunga na mradi wa kaboni ya kilimo, uliosimamiwa na shirika la Kiswidi la Vi Agroforestry kwa msaada wa Benki ya Dunia, walipanda miti shambani, wakaacha kuchoma mabua, wakatia mboji. Mwaka 2014 wakawa wa kwanza Afrika kupata hati za kaboni, zile zinazouzwa kwa wanaotaka kufidia moshi wao, kwa kaboni iliyohifadhiwa kwenye udongo wa mashamba, karibu tani 25,000. Pesa za kaboni zenyewe, zikigawanywa kwa watu wote wale, zilikuwa kidogo sana kwa kila boma. Kilichowafanya waendelee ni mahindi: udongo ulioshikwa na mizizi na kulishwa mboji ulibaki na unyevu siku chache zaidi mvua ilipokatika, na katika msimu wa kukatikakatika, siku hizo chache ndizo zinazotenganisha hindi lililojaa na gunzi tupu.